Nipo

Kilifika na boti ya Mokowe,
kikakaa juu ya gunia la vitunguu hadi adhuhuri,
Shebwana wa duka akanipigia ukelele:
"Kijisanduku chako chaota jua!"

Ndani, kibao cha kijani kisichozidi biskuti,
waya mweupe uliokunjwa kama utambi,
na karatasi yenye lugha tano, Kiswahili hakimo.
Antena yenyewe ni mstari wa shaba tu,
umejikunjakunja pembeni kama njia ya konokono.

Mama anashona kofia upande wa pili wa mkeka.
Kitobo, sindano, kitobo. Hajaniuliza kitu.
Tangi liko darini, maji ya mtaa huja siku mbili kwa wiki,
na goti lake hulalamika kila ngazi.
Hiyo ndiyo sababu. Sikumwambia hivyo.
Nilimwambia nataka kujifunza.

Nikachomeka waya kwenye kompyuta. Kimya.
Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka. Kimya.
Taa nyekundu yawaka, basi umeme kinakula,
lakini kompyuta yaapa haijaona mgeni.
Saa nzima natafuta programu ya kuwakutanisha,
naipakua kwa bando la shilingi hamsini,
naipakua tena.
Kumbe waya! Ulikuwa wa kulisha tu,
hauna nyuzi za kusemea,
mdomo wenye meno, usio na ulimi.
Nikaazima wa Lali, wa simu yake ya zamani,
na jina likachomoza kwenye orodha.
Nusura nipige kigelegele.

Kisha: bonyeza kitufe cha kushoto, usiachie,
gusa cha kulia, achia, sasa achia cha kushoto.
Vitufe vyenyewe punje za mtama.
Asilimia kumi. Arubaini. Sabini na

umeme ukapotea.

Ukarudi baada ya magharibi. Tukaanza upya.

Nikakipa jina la mtandao wetu na neno la siri.
Kikabisha hodi. Hakikujibiwa.
Kikabisha tena, nukta, nukta, nukta kwenye kioo,
kama tasbihi iliyokatika uzi.
Mtandao umo chumba cha pili,
na katikati ukuta wa babu wa babu,
matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima.
Waliujenga joto lipotelee njiani
na maneno ya ndani yasitoke.
Mawimbi hawakuyafikiria.

Nikazunguka nyumba, kompyuta mkononi, kibao kikining'inia.
Ukumbini, hapana. Chini ya ngazi, hapana.
Kidaka cha tatu, kando ya sahani ya Kichina yenye ufa,
hapo nukta zikakoma.
Mtandao ukasema karibu,
kwa namna yake, nambari nne zenye vituo katikati.

Kikabaki kihisi cha maji. Chasoma sifuri.
Nikakizamisha kwenye ndoo: sifuri.
Kwenye kikombe changu cha chai, kwa hasira: sifuri.
Mama akachomeka sindano kwenye kofia, akavaa miwani,
akakivuta kibao karibu na taa,
akapitisha ukucha juu ya matundu, midomo ikihesabu.
"Karatasi yasemaje?"
"Cha saba."
"Wewe umetia cha sita.
Kitobo kimoja tu, mwanangu, kofia nzima huenda upande."

Nikahamisha.
Sitini na mbili. Nikakitoa: sifuri.
Nikakirudisha: sitini na mbili.
Na kabla ya kila hesabu, neno nililokifundisha mwanzo,
simu ikitetemeka mkekani kila dakika:
nipo.
nipo.
"Kama marehemu babako," Mama akasema.
"Kila bandari simu moja: nimefika. Basi. Hana la ziada."

Kesho yake nikakipandisha darini, nikakifunga kwa kamba,
nikamwonyesha kwenye simu, maji nusu tangi,
apumzishe goti.

Alfajiri nikasikia ngazi.
Goti lile lile, na pumzi kila kituo.
"Mama, si nimekwambia simu itasema?"
"Imesema. Mai yapo," akanijibu akishuka.
"Lakini kule juu kuna umande.
Nimekivika ile kofia niliyoikosea."